Wanachama wa Conservative wanamkataa Sunak kwa sababu ya kodi, au kuna lingine?

Binti Pongwe, 20 Agosti 2022
Wakuu, habari za Jumamosi. Niko Leicester, Uingereza, kazi yangu kutunza wazee. Waziri mkuu mpya anachaguliwa na wanachama wa chama tawala, Conservative, wanaolipa ada, kati ya Rishi Sunak aliyekuwa waziri wa fedha na Liz Truss, kwa hiyo mimi ni mtazamaji tu. Ila bibi ninayemhudumia asubuhi ni mwanachama, na karatasi yake ya kura ameiweka chini ya kopo la biskuti. Ananiambia Rishi ana akili, lakini "alitupandishia kodi". Nikamuuliza, wewe na ustaafu wako unakatwa bima ya taifa, makato ya mishahara ambayo wastaafu hawalipi? Akacheka, akaniomba chai.

Mimi ndiye ninayekatwa. Nalipwa pauni 1,700 kwa mwezi. Machi bima ilikula 108. Aprili, nyongeza ya Sunak ilipoanza, 116. Julai kikaanza kiwango kisichokatwa alichokipandisha, ikashuka hadi 86. Yaani huyo mpandisha kodi kaniachia pauni 22 zaidi ya Machi! Mnono mwenye mshahara mkubwa ndiye aliyeumia.

Wabunge walimpa kura 137, Liz Truss 113. Mbona kwa wanachama anazidiwa?

Mzee wa Ngara
Kodi ni kisingizio, dadangu. Sunak alijiuzulu tarehe 5 Julai, siku mbili baadaye waziri mkuu Boris Johnson akatangaza kuondoka. Wanachama wengi bado wanampenda Boris, wanaona kijana ndiye aliyemchoma kisu. Ongeza lile la mkewe kutolipa kodi ya Uingereza kwa mapato ya nje. Sheria ilimruhusu, lakini waziri wa fedha anaelezaje hilo kwa mtu anayehesabu sarafu za mita ya gesi? Na nasema hivi ingawa babake ni mzaliwa wa hapa kwetu Kenya na mamake wa Tanganyika.

Mhasibu_Temeke
Mzee, kodi nayo imo. Truss anaahidi kufuta nyongeza ya bima na kuiacha kodi ya makampuni asilimia 19, wakati Sunak alishapanga ifike 25 Aprili ijayo. Pengo anaziba kwa mkopo. Sunak anasema mfumuko wa bei ushuke kwanza, maana umefika asilimia 10.1. Kodi ya mapato ataishusha kutoka 20 hadi 16, ila mwisho wa bunge lijalo! Mwenye njaa unamwambia pilau ni mwaka kesho kutwa. Kwa hesabu yuko sahihi, kwa kuomba kura hapana.

Binti Pongwe
Mhasibu, umenigusa. Bibi kasema hivyohivyo: Liz anatoa sasa. Kampigia Liz kura.

Binti Pongwe, 21 Oktoba 2022
Naufufua uzi. Truss alishinda, na bajeti ya serikali yake ya tarehe 23 Septemba mliiona: kodi zikakatwa kwa mkopo, pauni ikaporomoka, riba ikaruka. Jana Truss kajiuzulu, hajamaliza hata wiki saba. Bibi hataki niitaje habari hiyo, anabadilisha chaneli.

Jioni mwenye nyumba wangu kaniletea barua. Mkopo wake wa benki umepanda, kwa hiyo kuanzia Desemba naongeza pauni 60. Kodi imepanda, wakuu, ila hii ni ile ya chumba.

Mhasibu_Temeke
Pole sana, dada. 22 toa 60.