"WEWE UMEKUJA KUTIBIWA AU UMEKUJA KUKAGUA UJENZI?" Haya mama wa dirishani, leo nakusema

Mkwe Mwenye Vumbi

Wakuu, salamu baadaye. Nimeingia home sasa hivi, nywele zina saruji, masikio yana saruji, mtu akinipiga eksirei ya kifua saa hizi ataona nondo. Modi naomba huu uzi usiuunganishe na ule wa huduma mbovu, huu ni wa peke yake, una damu yangu.

Yule mama wa dirisha la kadi mnamjua. Sitaji hospitali, sitaji jina, kama umewahi kuchukua kadi pale unamjua, yule mwenye miwani ya kamba anayekuangalia kama mwenye nyumba tarehe mbili. Huyo huyo.

Nimempeleka mama mkwe kliniki ya sukari. Narudia, MAMA MKWE. Sio mama mzazi ambaye akinicheka yanaishia sebuleni, huyu ni mtu ambaye mpaka leo nikila mbele yake natafuna kwa adabu. Tumefika geti la siku zote tunakuta mabati, mlinzi anasema zungukeni nyuma. Nyuma ni kokoto. Sijui nani alikaa kikao akaamua njia ya wagonjwa ipite kwenye kokoto, nimesukuma kile kiti cha magurudumu mpaka nikahisi kadi itaandikwa jina langu, mama wa watu anarukaruka juu pale kashikilia mkoba na anasali kimoyomoyo. Tumepita chini ya mirunda, juu kuna fundi anapiga kelele "chini hukooo", chini hukooo ni sisi.

Ndani sasa. Maabara imehamia kliniki ya watoto, kliniki ya watoto imehamia kwenye turubai, famasi unaambiwa iko nyuma ya mikseri na mikseri ziko mbili. Wanaita majina huku mashine ya kuvunja zege inapiga, anaitwa "Mwana DRRRRRR", wakinamama wote wenye majina ya Mwana wanasimama, Mwanaidi, Mwanahawa, Mwanaisha, wanagombania kipimo kimoja cha mkojo.

Ndio nikasogea dirishani. Kwa upole kabisa, mashahidi wapo. Nikasema samahani mama, hivi maabara itarudi lini kule mwanzo, maana mgonjwa wangu hawezi hizi kokoto. Hakuinua hata macho.

"Wewe umekuja kutibiwa au umekuja kukagua ujenzi?"

Na wakuu, ile mashine. Mashine iliyopiga kelele tangu alfajiri, mashine ambayo nahisi hata Kigamboni walikuwa wanaisikia, IKANYAMAZA. Sekunde ile ile. Foleni nzima imesikia, mafundi wamesikia, yule wa juu ya mirunda kasikia. Halafu mama mkwe akacheka. Sio kutabasamu, kacheka mpaka akashika tairi ya kiti asianguke.

Umekuja kutibiwa au umekuja kukagua ujenzi. Mimi! Mtu mzima na ndevu zangu! Nilipotoka mashine ikawashwa tena. Haki ya Mungu wamepanga.

Mtoto wa Getini

Tuanzie hapo mkuu. Ulienda kutibiwa au kukagua?

binti kisarawe

Nimecheka kwenye daladala watu wananiangalia. Huyo mama mimi aliniambia "kadi imepotea au umeitupa", nina mimba ya miezi minane nimeshikilia ukuta. Na ukuta wenyewe ulikuwa na rangi mbichi.

Saidia Fundi

Pole ndugu. Naomba kuuliza, hilo lilikuwa zege la slabu au nguzo? Na hiyo mirunda walikuwa wamepiga misalaba au imesimama tu?

Mkwe Mwenye Vumbi

Mkuu nimedhalilishwa mbele ya mama mkwe wewe unaniuliza mirunda??

Saidia Fundi

Basi ni kweli hukwenda kukagua, yule mama kakuonea.

Sista Zamu ya Usiku

Mimi nipo upande wa pili wa dirisha, sio hilo lenu. Huyo mama anakula hilo vumbi kutwa nzima hana hata barakoa, na kila anayefika anamuuliza maabara iko wapi, we ungekuwa na sauti ya asali? Ila swali lako lilikuwa la maana kuliko unavyojua. Vumbi la kubomoa kuta na dari za zamani linabeba mbegu za fangasi anaitwa Aspergillus. Mtu mzima mwenye afya anavuta wala hana habari, lakini mgonjwa wa saratani yupo kwenye dawa, au aliyepandikizwa figo, kinga yake iko chini, akivuta inaweza kumkaa mapafuni ikamuua. Ndio maana eneo la kubomoa linatakiwa lizibwe kwa nailoni nzito kuanzia sakafuni mpaka dari, wamwagie maji kabla ya kuvunja, na wodi za wagonjwa dhaifu zihamishwe mbali mapema. Hilo swali ulitakiwa uwapelekee watu wa kuzuia maambukizi. Umelipeleka dirisha la kadi.

Mtoto wa Getini

Sista tulikuwa tunacheka hapa.

Kamau wa Thika Road

Nyinyi watu wa TZ mnalia juu ya kokoto? Huku Kenya bima ya afya tulitolewa NHIF tukaingizwa SHA Oktoba 2024, unafika hosi unaambiwa sistim iko chini, rudi kesho. Wewe afadhali umetukanwa na mtu unaweza mwangalia kwa uso. Mimi nimetukanwa na kompyuta.

binti kisarawe

Kamau fungua uzi wako jamani.

Mzee wa Kata

Nyie mnaolalamika ujenzi mshukuruni Mungu kuna ujenzi. 2021 zilipokuja zile hela za UVIKO, trilioni 1.3 mkopo wa IMF, sehemu yake ikaenda kwenye madarasa na majengo ya afya, kila kijiwe kikawa kinaongea fosi akaunti, ile ya kamati ya wananchi kununua vifaa na kuweka mafundi yenyewe bila mkandarasi. Kwetu tulishapata jengo letu kabla ya hapo, zuri, bati la bluu, marumaru mpaka chooni. Ufunguo haujulikani uko kwa nani. Mwenyekiti anasema uko kwa mtendaji, mtendaji anasema mganga, mganga kahamishwa. Wanaopata huduma mle ndani ni popo.

Saidia Fundi

Tatizo sio ufunguo mzee, tatizo ni hiyo fosi akaunti yenyewe. Kamati ya manunuzi ina mwalimu wa Kiswahili na shehe, wanatumwa wakanunue nondo. Muuzaji anawapa milimita kumi anawaambia ni kumi na mbili, nani atapima?

Mwalimu wa Kiswahili Halisi

Naomba radhi itakwe. Mimi nilikuwa kwenye kamati na nilikuwa na futi kamba yangu. Mafundi ndio mlitupiga. Saruji ilikuwa inaingia stoo mchana inatoka usiku, na haikutoka kwa miguu yake.

Mkwe Mwenye Vumbi

Wakuu turudi kwenye mada. Mama mkwe keshaweka voisi kwenye grupu la familia. Shemeji zangu wote wamejibu kwa ile emoji ya kofia ya fundi. Na sasa hivi nimeinua mfuniko wa sufuria nione kuna nini, mke wangu ananiuliza "umekuja kula au umekuja kukagua mboga?"

Mtoto wa Getini

Ndoa imeingiliwa na mkandarasi.

Msomi wa Kariakoo

Kihistoria hospitali nyingi Dar zimekua hivi hivi kwa kujenga juu ya watu. Muhimbili mnaifahamu wodi za Mwaisela, Kibasila na Sewahaji, lakini wangapi wanajua Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo enzi za Mjerumani aliyetoa mali yake kwa ajili ya hospitali? Na mwaka 1956 alikuja Princess Margaret mwenyewe, mdogo wake Malkia wa Uingereza, Muhimbili ikapewa jina lake. Kwa hiyo ukitazama...

binti kisarawe

Kakaa miaka yote hiyo anasubiri mtu ataje hospitali.

Saidia Fundi

Mwalimu rudi hapa usikimbie. Mfuko mmoja wa saruji mlikuwa mnatoa tofali ngapi?

Mwalimu wa Kiswahili Halisi

Sijakimbia, nilikuwa nasahihisha madaftari. Arobaini na tano.

Saidia Fundi

AROBAINI NA TANO! Hizo ni tofali au biskuti? Na mnataka mgonjwa alale chini yake!

Mzee wa Kata

Kwetu walitoa zaidi ya hapo. Mbuzi kajikuna ukutani kona ikabaki kwake.

Tofali Bora Goba

Habari za humu. Ninazo tofali za inchi sita na inchi tano, zimemwagiliwa maji vizuri, usafiri upo, karibuni inboksi.

Saidia Fundi

Mfuko unatoa ngapi?

Tofali Bora Goba

Inategemea na mteja boss.