Ulinunua rimu na tairi za mtumba zikagoma kukaa kwenye gari? Tupeane uzoefu

Kobe Mbio
Wakuu, jana nimemwona kijana anapakia rimu nne kwenye buti, meno yote nje. Nikacheka peke yangu, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Inchi 17, tairi juu yake zina kashata (meno ya mpira) za kutosha, muuzaji ananiambia "matundu matano, gari lako matundu matano, unataka nini tena?" Nikalipa. Kufika nyumbani, boliti ya kwanza imeingia, ya pili inachungulia pembeni ya tundu. Gari langu ni 5x114.3, yaani matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3; zile zilikuwa 5x100. Hela haikurudi. Mwezi wa nane huu ziko chini ya kitanda. Wewe yako ilikuwaje?

Bi Spana
Chini ya kitanda! 😂 Zangu nimeziegemeza ukutani sebuleni, wageni wanadhani ni urembo.

Kipimo Kwanza
Mkuu, rula ya mwanafunzi ingekuokoa. Rimu ya matundu matano, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake. Ukipata kama milimita 59, hiyo ni 5x100. Ukipata 67, ni 114.3. Ya matundu manne ni rahisi zaidi, unapima moja kwa moja yale yanayotazamana.

Kobe Mbio
Milimita nane ndizo zimenilaza juu ya rimu. Sawa.

Mzee wa Habu
Matundu kulingana si mwisho wa habari. Mimi nina Subaru ya zamani ya 5x100, nikapata rimu za Toyota za 5x100, nikashangilia. Haikuingia hata kwa kupiga teke. Tundu la katikati la rimu ile ni milimita 54.1, habu yangu (kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo) ni 56.1.

Dogo Jeki
Uongo, mzee. Jirani yangu amefunga hizo hizo na anatembea.

Mzee wa Habu
Jirani yako ana gari gani?

Dogo Jeki
Toyota, rimu za Subaru.

Mzee wa Habu
Sasa si kinyume chake hicho, mwanangu? Tundu kubwa juu ya habu ndogo linaingia, unaziba nafasi kwa pete. Tundu dogo juu ya habu kubwa halina dawa, labda upeleke kwa mchonga vyuma. Na umwambie jirani asichanganye nati: za Toyota ni 12x1.5, za Subaru 12x1.25 (unene wa boliti na nafasi kati ya meno yake, kwa milimita). Ukilazimisha kwa spana ndefu unakula meno ya boliti.

Dogo Jeki
Nimekubali shingo upande.

Nusu Roho
Nilikuwa napita tu, lakini mlipotaja nati mwili umesisimka.

Gari langu ni Honda. Nilipata rimu za kampuni nyingine, za mtumba, safi, hazina mkwaruzo. PCD (kipenyo cha duara la matundu) sawa, ofseti (rimu inavyokaa ndani au nje) sawa, kalipa ya breki haigusi, nilipima kila kitu kama fundi cherehani. Nati nikatumia zile zile zilizokuja na gari. Nani angewaza nati? Zimeingia vizuri kwa mkono, nikakaza mpaka spana ikalia.

Siku ya tatu nasikia "tok, tok, tok" mbele kushoto. Nikasimama, nikapiga tairi teke, upepo upo, nikaondoka. Sauti ikaisha nilipoongeza mwendo, nikajipongeza. Kumbe inaisha ili ijipange. Usukani ukaanza kutetemeka, nikaondoa mguu kwenye mafuta, hapo hapo gari likainama upande mmoja na mlio wa chuma kwenye lami. Naangalia mbele: tairi linanipita. Taratibu kabisa, limenyooka, kama lina safari zake. Likavuka barabara yote, likaruka mtaro, likapotelea kwenye majani. Mungu tu hakukuwa na gari linalokuja.

Niliposhuka, diski ya breki imelika upande, boliti mbili zimekatika, matundu ya rimu zilizobaki yamechakaa kama yametafunwa. Fundi akashika nati moja akanionyesha mdomo wake: wa mviringo, kama nusu ya gololi. Akanionyesha tundu la rimu: limechongwa koni. Mviringo ukikaa ndani ya koni unagusa mstari mwembamba tu. Unahisi umekaza, kumbe hujakaza.

Bi Spana
Yesu na Maria. Nimetoka nje kuangalia nati zangu.

Mtu wa Kona
Mkuu, ulikuwa mwendo gani?

Nusu Roho
Hamsini na kitu. Na ningekuwa themanini usingeyasoma haya.

Dogo Jeki
Tairi lilipatikana?

Spesa Tu
Tusitishane. Mimi natumia spesa (bamba la kusogeza rimu nje) mwaka wa pili, rimu zilikuwa zinagusa shokapu, sasa hazigusi. Na boliti napaka grisi zisishike kutu.

Mzee wa Habu
Grisi kwenye boliti ndiyo inayokufanya ukaze kupita kiasi bila kujua. Safisha kwa brashi ya waya, funga kavu.

Spesa Tu
Fundi wangu ana miaka thelathini kazini, anapaka.

Mzee wa Habu
Na mimi nina miaka thelathini ya kubadilisha boliti alizokata.

Mtu wa Kona
Wazee, taratibu. Yangu fupi: nilitoka 7J ET45 (upana inchi 7, ofseti milimita 45) nikaenda 8J ET35. Kwa ndani iliongezeka milimita tatu hivi, nikaona salama. Kwa nje ikatoka karibu 23. Nikiwa peke yangu, kimya. Nikipakia watu nyuma, kila tuta madigadi yanakata tairi kama mkate. Jaribuni na gari likiwa na mzigo, na mkate usukani mpaka mwisho pande zote mbili.

Kipimo Kwanza
Na tairi lenyewe msilisahau. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata zinaweza kuwa ndefu na mpira umekufa. Na kimo kibaki kile kile: saizi 195/65R15 na 225/45R17 zote zina kipenyo cha milimita 634 na kidogo, mshale wa spidi haudanganyi.

Bi Spana
Mimi siku hizi naenda na jeki yangu. Navalisha rimu moja mbele, moja nyuma, nazungusha kwa mkono, ndipo tunaongea bei. Muuzaji akinuna, najua kuna jambo.

Kobe Mbio
Nimeivuta moja kutoka kitandani nikapima: 59 kamili. Nilitumaini muujiza. Mwenye gari la 5x100 aje inbox.

Dogo Jeki
Nusu Roho hujajibu, tairi lilipatikana?

Nusu Roho
Hapana. Zimebaki tatu, kama unazitaka. Nati sikupi.