Mrejesho: Kuzunguka mji mpya bila gari

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza nitaishije mji mpya bila gari. Asanteni sana kwa majibu.

Wewe uliyesema nipange karibu na kituo chenye mabasi mengi, hata kama ni mbali kidogo na kazini, umeniokoa kweli. Basi likinipita, jingine halikawii.

Safari ya majaribio niliifanya Jumapili, nikakosea. Dakika 25 zilikuwa 50 Jumatatu asubuhi! Jaribuni siku ya kazi, saa ileile mtakayosafiri.

Baiskeli imenishinda. Kile kilima cha mwisho nafika shati limegandana na mgongo, kwa hiyo naitumia kwenda sokoni tu. Zamu za usiku bado natoka basi la mwisho limeshaondoka, nachukua teksi na mwenzangu tunachangia nauli.