Yule "mtaalamu" wa riwaya za mapenzi tunayemjua wote, leo kaniua kabisa

Wakuu habari zenu, zangu mimi mbovu. Macho yamevimba hayafunguki, na ndani humu nimeshaulizwa nani kafariki. Kafariki mtu wa kwenye kitabu, na aliyenipeleka kwenye kile kitabu mnamjua vizuri tu, simtaji, sitaki kesi.

Si mnajua anavyojibu? Mtu hajamaliza kuuliza yeye ashafika, "hiki ndio chako". Ukiomba cha bosi na sekretari, hiki ndio chako. Ukiomba cha maadui wanaokuja kupendana, hiki ndio chako. Nina uhakika hata ukiuliza sinki linazibuliwaje atakupa riwaya, na ndani yake yupo daktari mjane mwenye mabega.

Mimi niliomba kitu kidogo mno. Niliandika kwa herufi kubwa NATAKA MWISHO MWEMA, sitaki msiba, sitaki saratani, sitaki ajali usiku wa mvua, nipeni watu wawili wapendane waoane nikalale. Jamaa akaja mbio, "hiki ndio chako, niamini, utalia". Sasa mtu ameomba mwisho mwema halafu anaambiwa atalia, mwenye akili timamu ataelewa nini? Si kulia kwa harusini!

Nikaanza kusoma. Wakuu yule mwanaume wa mle ndani acheni tu. Anapika, anasikiliza, anakumbuka mpaka jina la paka wa bibi yake mchumba. Mume wangu kaniuliza mara kadhaa nacheka na nani. Kurasa mia tatu hawa watu hawajashikana hata mkono, wanapishana tu kwenye ngazi, mmoja anasahau mwavuli mwingine anaurudisha, mimi huku roho juu, hatimaye wakashikana, nikapiga kelele jirani akagonga ukuta. Nikaangalia zimebaki kurasa tatu. Nikajisemea hizi ni za harusi hizi. Jamaa anatoka kwenda kuchukua pete, anavuka barabara anatabasamu

Lori.

Kurasa TATU toka mwisho! Pete, barabara, tabasamu, lori! Na mwandishi hata msiba wa maana hakumfanyia, aya moja mtu kashazikwa, aya inayofuata dada anaangalia bahari. Nani kamuuliza habari za bahari?

Nikamwandikia yule bwana mkubwa natetemeka, "mbona jamaa kafa??" Mnajua kanijibu nini? "Si nilikwambia utalia." Na emoji za kucheka juu.

SI NILIKWAMBIA UTALIA. Yaani mtu kanifia mikononi saa tisa usiku, nimeloa mto mpaka pamba, halafu ananijibu si nilikwambia utalia. Ningemwelewa angesema pole. Ningemwelewa hata angekaa kimya. Ila SI NILIKWAMBIA UTALIA??

kiti_cha_mbele: Leo nimewahi. Endeleeni.

bibi_kurasa: Pole sana mdogo wangu. Huyohuyo mimi alinipa Wuthering Heights, eti "penzi tamu la kizamani". La kizamani kweli, 1847, ila hilo tamu sijaliona mpaka leo. Mwanamke anakufa katikati ya kitabu, nusu iliyobaki mwanaume kazi yake kutesa watoto wa wenzake, kisha anaenda kufunuliwa jeneza la marehemu amwangalie. Nilishindwa kulala nikawasha taa zote.

mzee_wa_aya: Nyie mnalalamika. Mimi nilimwambia nasafiri safari ndefu ya treni nataka riwaya ya mapenzi ya kunisindikiza. Kanipa Anna Karenina, yule dada anayejitupa chini ya treni.

kiti_cha_mbele: 😂😂😂 ya TRENI

sina_dogo: Kwa hiyo mleta uzi umekesha unamlilia mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, na mume yuko pembeni anakoroma. Huyo mume ndio afungue uzi.

Mleta uzi: @sina_dogo mume wangu hajui hata kama mama yangu ana paka. Tuachie marehemu wetu.

msomaji_makini: Shida watu wanachanganya romance na hadithi yoyote yenye watu waliopendana. Chama cha waandishi wa romance cha Marekani, RWA, kilishaeleza kwamba vitu ni viwili tu, mapenzi yawe ndio kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha wenye matumaini. Mills & Boon, wachapishaji wa riwaya za mapenzi, wapo toka 1908 na jina lao limekuja kujengwa juu ya ahadi hiyohiyo, msomaji anajua watu wataishia pamoja kabla hajafungua, anachosoma ni wamefikaje. Nicholas Sparks mwenyewe, yule mwandishi wa hadithi za mapenzi za kuliza watu, amewahi kukana kwamba anaandika romance. Kwa hiyo kitaalamu ulipewa msiba uliovikwa jalada la waridi.

Mleta uzi: Mkuu yote sawa, lakini KANIJIBU SI NILIKWAMBIA UTALIA.

sina_dogo: Kwani hukulia?

kiti_cha_mbele: 💀

malkia_wa_foleni: Mimi kero yangu ni wanaokupa kitabu cha nne kwenye mfululizo wakanyamaza. Unafungua ukurasa wa kwanza kuna kaka watano mezani, wote wameshaoa, kila mmoja na mtoto, wanataniana mambo ambayo huyajui, siri za vitabu vitatu vyote zimemwagwa kabla hujakaa vizuri.

bibi_kurasa: Afadhali hao. Kuna wenye kitabu kimoja maisha yao yote. Omba cha baharia, omba cha vampaya, omba cha wazee wa miaka sabini, wanakutajia kilekile.

tamu_tu: Mleta uzi achana nao, soma Jane Eyre ujiponye, mwisho wanaoana vizuri.

mzee_wa_aya: Vizuri wapi? Nyumba imeteketea, mke wa kwanza aliyefungiwa darini karuka toka paani, bwana kapofuka na mkono mmoja hana. Hiyo ndio harusi?

tamu_tu: Jicho moja si lilikuja kuona baadaye.

mzee_wa_aya: Aaah, jicho moja! Basi pigeni vigelegele.

msomaji_makini: Persuasion ya Jane Austen, ilitoka mwishoni mwa 1817 mwenyewe kashafariki. Wapenzi wazima, macho yote manne yapo, na ile barua ya Kapteni Wentworth peke yake ni dawa.

malkia_wa_foleni: Ile ngumu kuisoma, sikilizeni ya sauti.

bibi_kurasa: Usinikumbushe vitabu vya sauti! Wangu msomaji ni baba mwenye sauti ya besi, akifika kwenye maneno ya dada anabana pua kama ana mafua. Penzi lote nilikuwa nawaza amepimwa huyu?

tamu_tu: Wa kubana pua ana nafuu. Wangu kila wakikaribia kubusiana anameza mate kwenye maiki. Glup. Nikatoa earphone nikanawa masikio.

Mleta uzi: Jamani samahani, yule mtu kaniambia tena hapa PM kwamba

malkia_wa_foleni: Dada subiri kidogo. @tamu_tu huyo anayemeza mate ndiye anayesoma ile ya yule dyuki mwenye kovu? Jibu haraka, nimeshalipia mfululizo mzima.

tamu_tu: Ndiye huyohuyo. Na mbele huko analia pia.