Aibu ya anayemlea mkongwe aliyesahau, inapimika kwa dodoso?

Binti wa Wete: Nataka tubishane kwa hili. Juzi kapita kwetu mwanafunzi na karatasi zake, anapima unyanyapaa kwa wanaolea wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Swali la tatu: "Huona aibu kwa hali ya mama yako?" Mama yupo papo hapo mkekani, anakunja kanga, anaikunjua, anaikunja tena. Wifi yangu mlangoni, masikio wazi. Nikasema hapana. Akatia alama, akaendelea.

Sasa nawaambia lisiloandikwa. Usiku mmoja mama kafungua komeo, kaenda kugonga kwa jirani saa tisa, anamwita dada yake aliyekufa zamani. Kichwa wazi. Jirani hakututukana, kamrejesha kwa adabu. Lakini kwetu Pemba kizee akitembea usiku ana jina lake: mwanga, mchawi wa usiku. Na binti wa mwanga hurithishwa mkoba wa uchawi. Nilikuwa nauza mikate ya ufuta thelathini kabla ya magharibi. Sasa kumi, na wanunuzi ni wapita njia wasionijua. Hicho kipimo kiko wapi kwenye karatasi?

Muuguzi, Mjini: Dada yangu, pole sana. Ila usikitupe chombo kwa kosa la aliyekishika. Kuulizwa mbele ya wifi, hapo ndipo palipoharibika. Vipimo vyenyewe vimefikiriwa: mtafiti Perla Werner na wenzake wa Israel walichapisha chao mwaka 2011, na kinatazama pande tatu, yaani mlezi mwenyewe, watu wa nje, na huduma anazopata au kunyimwa. Mikate yako inaingia upande wa pili. Hata hilo la doa la mgonjwa kumwangukia aliye karibu naye, mwanasosholojia Erving Goffman aliliandika 1963. Alzheimer's Disease International, shirika la kimataifa la ugonjwa huu wa kusahau, waliuliza watu karibu 70,000 katika nchi 155, ripoti ikatoka 2019: theluthi mbili waliamini ugonjwa huu ni uzee tu. Bila kuuliza tungelijuaje? Nenda wizarani na kisa cha mikate, watakupa pole. Nenda na namba, angalau watakupa kiti.

Ami wa Makunduchi: Kiti! Pensheni ya wazee hapa Zanzibar ilianza 2016, miaka 70 kwenda juu, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule. Nani alipimwa aibu kwanza? Mpeni anayelea hata hela ya sabuni, maana shuka zinafuliwa kila siku, kisha mpime mtakacho.

Binti wa Wete: Ami, sabuni umenena. Muuguzi, nakubali nusu: niulize peke yangu, jikoni. Ila hilo neno nalikataa. Aibu ni ya mtu aliyetenda jambo, na mie sijatenda kitu. Yangu ni fedheha, na fedheha mtu hufanyiwa. Ukiniuliza aibu nitasema hapana mpaka Kiyama, nawe utaandika sifuri, Wete hakuna tatizo.

Niulize mambo ya kuonekana. Jirani mara ya mwisho kukaa barazani kwako lini? Harusi ngapi umealikwa mwaka huu, na ngapi umesikia ngoma tu? Ukitoka kwenda sokoni mlango unaufunga vipi?

Hilo la mwisho nalijibu sasa hivi. Kufuli, kwa nje. Naye yumo ndani.