Picha ndani ya majedwali ya InDesign: huwa mnafanyaje zionekane, au zifichike? Tupeane uzoefu

Mpanga Kurasa
Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni kupanga katalogi na vitabu vya kiada, na humo majedwali yenye picha hayaishi. Naona wengi wanayakwepa: wanachora mistari kwa mkono, wanaweka picha juu yake moja moja, halafu mteja akiongeza safu moja katikati kila kitu kinasogezwa upya. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2002 InDesign, programu yetu ya kupanga kurasa, ina majedwali yanayojipanga yenyewe, inasikitisha kuyaacha kwa sababu ya picha. Kila mmoja alete alichokutana nacho.

Naanza. Nilikabidhiwa katalogi iliyopangwa na mtu mwingine, safu mlalo zote zimefungwa urefu kwa "Exactly", yaani kimo kisichobadilika. Seli nyingi zilizotakiwa kuwa na picha zilikuwa tupu, zina kidoti chekundu tu kwenye kona. Mteja alishaamini picha zimefutwa. Zilikuwepo zote. Ukipachika picha kwenye seli ya maandishi, programu inaihesabu kama herufi moja kubwa. Herufi hiyo ikizidi kimo cha seli, na seli imekatazwa kurefuka, inafichwa nzima, haibaki hata nusu yake. Upana una tabia nyingine kabisa: picha pana kuliko seli haifichwi, inamwagikia upande wa kulia juu ya seli jirani.

Nilichofanya ni kuchagua safu zote na kubadili "Exactly" kuwa "At Least", yaani kimo cha chini kinachoweza kuongezeka. Safu zikajinyoosha, picha zikarudi, nikazipunguza kimo ndipo nikafunga tena urefu. Siku hizi picha naipima nje ya jedwali kwanza, ikishaenea kwenye kimo cha safu ndipo naibandika ndani.

Fundi Katalogi
Asante kwa kufungua mada hii, mkuu. Kwenye hizo zinazomwagika kulia, ingia "Cell Options", sehemu ya "Text", uweke tiki kwenye "Clip Contents to Cell". Picha inakatwa kwenye mpaka wa seli, jirani anabaki salama. Ila angalia kinachokatwa. Nilipanga jedwali la vipuri ambalo picha za kila kipuri zilikuwa na namba upande wa kulia, na tiki ile ingezimeza namba zote. Pale ilibidi picha zipunguzwe.

Mimi kwa sasa natumia zaidi seli za picha zilizokuja na toleo la CC 2015. Ukiiachia picha kwenye seli tupu, seli inageuka kuwa fremu ya picha, na amri za kujaza fremu kwa uwiano zinafanya kazi humo kama kwenye fremu yoyote. Kwa jedwali lenye safu wima ya picha pekee sioni njia bora kuliko hiyo.

Bi Mhariri
Fundi, nakubaliana nawe kwa safu wima ya picha pekee. Vitabu vyetu vya watoto vinataka picha na jina lake ndani ya seli moja, na seli ya picha haipokei maandishi. Kwa hiyo tumebaki na seli za maandishi, na huko adui ni nafasi ya mistari. Jina likiwa juu, picha mstari wa chini yake, na nafasi ya mistari imefungwa pointi 12, picha inapanda juu na kulifunika jina. Mtu anadhani jina limefutika. Tengenezeni mtindo wa aya wa picha peke yake, nafasi ya mistari iwe "Auto". Mstari unakua kwa kimo cha picha na jina linabaki wazi.

Wanaotumia Word wataitambua hali hii: nafasi ya mistari ikiwa "Exactly", picha inaonekana kipande chembamba tu.

Mchora Ramani
Langu fupi. Picha iliwekwa nyuma ya jedwali iwe mandhari, haikuonekana. Seli zilikuwa na rangi ya karatasi, yaani nyeupe inayofunika. Rangi ya seli iwe "None". Halafu ile picha ikiwa na "Text Wrap", yaani amri ya kusukuma maandishi yaizunguke, jedwali lenyewe linasukumwa hadi linatoweka. Kwenye mipangilio ya fremu ya jedwali weka "Ignore Text Wrap".

Mwana Matoleo
Mimi natafuta kinyume: kuficha kwa makusudi. Orodha moja ya bidhaa, toleo la wauzaji lina picha, toleo la ghala halina. Wengi wanakimbilia leya, yaani matabaka ya ukurasa yanayowashwa na kuzimwa, na leya hapa haisaidii, maana picha iliyopachikwa kwenye jedwali inakaa leya ileile ya fremu ya maandishi. Ukizima leya, jedwali zima linaondoka.

Kilichonifaa ni "Conditional Text", yaani maandishi yenye sharti la kuonekana au kufichwa, iliyoingia na toleo la CS4. Kwa kuwa picha ni herufi, unaichagua kwa zana ya maandishi kama unavyochagua herufi, unaipa sharti, tuseme "wauzaji". Ukizima jicho la sharti hilo, picha zote zinaondoka kwa pamoja, na safu zikiwa "At Least" zinanywea kulingana na maandishi yaliyobaki. Nilipoona kurasa zinapungua zenyewe nilifurahi kweli. Mpaka wake ujulikane: sharti halishiki seli, safu mlalo wala safu wima, linashika kilichomo ndani tu. Safu wima ya picha inabaki pale ikiwa tupu, kwa hiyo picha naziweka seli moja na jina la bidhaa, kama anavyofanya Bi Mhariri.

Mwanafunzi wa Usanifu
Shikamooni wakubwa. Picha zangu zote kwenye jedwali zinaonekana mabox ya kijivu, ila ukubwa uko sawa. Hiyo nayo ni seli?

Mpanga Kurasa
Marahaba. Hapana, huo ni muonekano wa skrini tu. Nenda "View", kisha "Display Performance", utoke kwenye "Fast Display". Kwenye PDF picha zako zitatoka kawaida.

Za kidoti chekundu ndizo hazitoki. Kabla ya kutoa PDF angalia taa ya "Preflight", yaani ukaguzi wa makosa, chini ya dirisha. Ikiwa nyekundu, fungua orodha ya maandishi yaliyofurika, seli zimo humo. Bofya namba ya ukurasa, itakupeleka hadi kwenye seli yenyewe. Ukishaweka kishale ndani yake bonyeza Esc, kila kilichofichwa kinachaguliwa, hata kama hukioni.