Wakaguzi walipofika kasho (mahabusu ya polisi) ukiwa ndani: tupeane uzoefu

Mwana Katuba: Jioni redio ilikuwa inaongea juu ya wale wa kuzuia mateso mu kasho, ikanikumbusha mbali. Mimi nililala ndani siku tano, na Katiba ya Kongo ibara ya 18 inasema polisi wakushike saa 48 basi. Hakuna mkaguzi niliyemuona. Ninyi walikuja namna gani?

Mama Kamalondo: Kaka yangu vilevile, hakuna aliyefika.

Yaya wa Ruashi: Mimi niliwaona. Asubuhi askari walileta ndoo na javeli, ile dawa ya kusafishia, tukasugua sakafu, wawili wenye mikono imevimba wakapitishwa mlango wa nyuma eti wanaitwa na OPJ, yule afisa wa upelelezi. Saa nne wageni wakashuka mu jeep ya kamanda, ile ile iliyonileta mimi. Wakauliza munakula? Kamanda amesimama pale, kiatu chake kinagusa mguu wangu, tukajibu tunakula. Kijana mmoja tu akasema hapana, akavua shati akaonyesha mgongo. Usiku wakamtoa. Tulimsikia mpaka sauti ikakauka.

Mama Kamalondo: Yesu wangu. Pole yaya.

Maître Kampemba: Pole sana. Ile Itifaki ya Hiari ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupinga mateso, Kongo iliiingia 2010: ibara ya 20 inataka mfungwa aongee na wakaguzi bila askari pembeni, ya 21 inakataza kumuadhibu kwa alichosema.

Mwana Katuba: Maître, makaratasi tunayo mengi! Anayewalipa ni serikali, watasema nini juu ya serikali?

Maître Kampemba: Hapana ndugu, ibara ya 18 ya hiyo Itifaki yenyewe inailazimisha serikali kutoa hizo pesa na kulinda uhuru wao. Mkaguzi akiwa na bajeti yake na gari yake, anafika saa anayotaka bila kupigia kamanda simu. Hawa walipewa lift na mtu waliyekuja kumkagua!

Mtoto wa Bukavu: Ushauri wangu, askari akiwa pale nyamaza, utaongea ukitoka.

Mama Kamalondo: Na asipotoka? Aseme, ataje na majina.

Mtoto wa Bukavu: Mama, mgongo si wako.

Maître Kampemba: Mkaguzi ndiye amtoe askari nje kwanza, na arudi kesho yake bila kutangaza, aulize kila aliyeongea jana.

Mwana Katuba: Yaya, yule kijana alitoka?

Yaya wa Ruashi: Familia iliuza kinga, baiskeli yao, wakamtoa. Anauza makala (makaa) karibu na kwetu. Gunia anainua na mkono wa kushoto.